Mashine ya kukatia mapambo ya Krismasi: Kabla hujatoa hela, jua inafanya nini na inaacha nini

Novemba ikianza, video za mapambo ya Krismasi hujaa kwenye simu. Mtu anaingiza karatasi nyekundu kwenye kimashine kidogo cha mezani, anazungusha mpini mara mbili tatu, na upande wa pili inatoka nyota iliyokatwa safi kama ya kiwandani. Sekunde 30, video imeisha. Wengi wanaoitazama hubaki na maswali mawili: kimashine hicho ni bei gani, na je, kadi zake zinaweza kuuzika huku kwetu?

La bei linajibika kwa kupiga simu dukani. La pili ndilo gumu, maana mashine hiyo hufanya sehemu moja tu ya kazi. Sehemu nyingine zote zinabaki kwenye vidole vya mtu, na video huwa hazizionyeshi.

Mpini au umeme

Aliyewahi kukata biskuti kwa kikatio cha bati ameshaelewa nusu ya habari. Mashine ya mpini hutumia kalibu, yaani umbo la chuma lenye makali pembeni, ambalo baadhi ya mafundi huliita dai. Karatasi hulazwa juu ya sahani ya plastiki ngumu, kalibu huwekwa juu yake makali yakitazama karatasi, kisha sahani nyingine hufunika. Furushi lote hupitishwa katikati ya rola mbili zilizobanana. Mgandamizo ndio unaokata. Haihitaji umeme, kompyuta wala intaneti.

Mashine ya umeme ni kitu kingine kabisa, ingawa watu huziita zote jina moja. Hii inafanana zaidi na printa, ila mahali pa wino pana kisu kidogo. Mchoro unatoka kwenye kompyuta au simu, karatasi inabandikwa kwenye mkeka wenye gundi nyepesi, na kisu kinafuata mistari ya mchoro. Cricut na Silhouette ndiyo majina yanayosikika sana upande huu. Upande wa mpini, Sizzix ni jina la siku nyingi.

Tofauti yake mfukoni ni hii: mashine ya mpini hukata umbo ambalo mtu ana kalibu yake tu. Akitaka kengele, anunue kalibu ya kengele. Akitaka kengele kubwa zaidi, ni kalibu nyingine. Ya umeme hukata chochote kinachochoreka, hata jina la mteja. Hapo ndipo wengi huishia kusema bora ya umeme, na ndipo wanapotakiwa kupunguza mwendo.

Kwanza, mashine nyingi za umeme zinaendeshwa kwa programu ya kampuni iliyoziunda, na baadhi zinamtaka mtumiaji afungue akaunti na kuingia mtandaoni. Machi 2021 wateja wa Cricut walionja maana yake. Kampuni hiyo ya Marekani ilitangaza kwamba wasiolipia ada ya kila mwezi wangeruhusiwa kupakia michoro yao 20 tu kwa mwezi. Watu walikuwa wameshanunua mashine kwa hela zao. Kelele zilikuwa kubwa, na ndani ya siku chache kampuni ikaufuta mpango huo. Yaliisha vizuri, lakini somo lilibaki mezani: mashine ipo nyumbani kwako, ufunguo wake upo kwa mwingine.

Pili, umeme wenyewe. Ukikatika kisu kikiwa katikati ya karatasi, karatasi hiyo mara nyingi ni hasara. Na anayeagiza kutoka Marekani asome kibandiko cha chaja. Kikiandikwa 100–240V, hakuna shida. Kikisema 120V peke yake, akikichomeka kwenye soketi zetu ataunguza. Tahadhari hiyo inahusu zaidi pasi na vyombo vya joto vinavyouzwa pamoja na mashine hizi.

Kwa anayeanza na kadi na mapambo ya karatasi, ya mpini inatosha. Ya umeme inaanza kujilipa pale wateja wanapotaka majina, maandishi na stika.

Je, bado ni kazi ya mkono?

Swali hili huulizwa na wateja, wengine kwa kejeli. Jibu lake liko kwenye historia. Karne ya 19 viwanda vya viatu vilikuwa vikikata soli za ngozi kwa vyuma vyenye makali, na ufundi huo ukahamia kwenye karatasi. Mwaka 1879 huko Brooklyn, Robert Gair, aliyekuwa na kiwanda cha mifuko ya karatasi, aliona chuma cha kukunjia kimekaa vibaya na badala ya kukunja kikakata. Wengine wangelaani tu mfuko ulioharibika. Yeye akagundua kwamba mashine moja inaweza kukata na kukunja kwa pigo moja, na boksi la kadibodi la kiwandani likazaliwa.

Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, ikiagizwa na Henry Cole na kuchorwa na John Callcott Horsley. Baadaye karne hiyohiyo, viwanda vya Ujerumani vikajaza soko kwa picha ndogo za rangi za malaika na Baba Krismasi, zilizokwisha kukatwa kwa kalibu na kuunganishwa kwa vipande vyembamba vya karatasi. Watu walizinyofoa, wakazibandika kwenye kadi na vitabu vyao nyumbani. Kwa hiyo hata kadi za bibi na babu wa Ulaya, zile zinazosifiwa kuwa za mkono, zilikuwa na vipande vilivyokatwa na mashine. Mkono ulikuwa kwenye kupanga, kubandika na kuandika.

Hapo ndipo ulipo hadi leo. Na hapo ndipo muda unapokwenda.

Hesabu isiyopigwa kwenye video

Chukulia mfano. Tuseme kadi moja ina ua la petali tano, majani mawili na fremu. Kwa mkasi, kukata tu kunaweza kuchukua dakika 20. Mashine inaifanya kazi hiyo kwa dakika 3. Lakini kubandika, kusubiri gundi, kufunga utepe na kuingiza kwenye bahasha tuseme ni dakika 12, na hizo mashine haizigusi. Kadi imeshuka kutoka dakika 32 hadi 15. Ni nafuu kubwa kweli, ila kadi 200 bado ni saa 50. Hiyo ni zaidi ya siku sita za kukaa mezani saa nane nane.

Sasa weka hela. Tuseme mashine na kalibu chache zimegharimu shilingi 400,000 za Tanzania, na kila kadi ikiuzwa inaacha 2,000 baada ya karatasi, gundi na bahasha. Kadi zote 200 zikiisha, mashine ndiyo imejilipa. Aliyekaa saa 50 hajapata kitu. Faida yake inaanza kwenye kadi ya 201. Na kama hela ya mashine ilitoka kwenye kikoba, riba yake haisubiri Krismasi ijayo.

Haina maana biashara haipo. Ina maana inategemea mashine itafanya nini Januari. Kalibu ya Baba Krismasi na kulungu wake ina mwezi mmoja wa maisha. Kalibu ya nyota inafaa Krismasi, inafaa Idd, inafaa siku ya kuzaliwa. Ya ua inaingia kwenye kadi za harusi na kipaimara. Fremu ya mstatili yenye nakshi haina msimu kabisa. Anayenunua kalibu tano za kwanza kwa kufuata video za Ulaya, zenye theluji na buti, anajifungia mwenyewe mlango wa miezi 11.

Na salamu siku hizi zinapita WhatsApp, tusijidanganye. Kadi peke yake hununuliwa na wachache. Kinachotoka haraka zaidi ni vile vidude vinavyoandamana na zawadi: lebo za kufunga kwenye vikapu na chupa, vibandiko vya boksi za keki, nyota za kuning'iniza. Lebo moja ni umbo moja, tundu moja na uzi. Dakika zake ni chache.

Maumbo ya hapa nyumbani

Kuna ua moja ambalo ni la Krismasi kwa jina na kwa tarehe. Mkrismasi, ule mti wa barabarani unaowaka maua mekundu mwisho wa mwaka, una petali tano: nne nyekundu, na ya tano imesimama ikiwa na madoa meupe au ya manjano. Kulikata ni rahisi. Kalibu moja ya petali hupitishwa mara nne kwenye karatasi ya manila nyekundu na mara moja kwenye nyeupe. Ile nyeupe hupakwa madoa mekundu kwa kalamu ya rangi, kingo za petali zote hukunjwa kidogo kwa mpini wa kijiko, na ua linasimama juu ya kadi. Mteja wa Dar, Tanga au Mombasa halihitaji maelezo.

Nyota nayo ina historia inayogusa huku. Miaka ya 1830, kwenye shule ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, nyota ya karatasi yenye pembe nyingi ilitengenezwa ikiwa somo la jometri. Ikawa pambo la Majilio la kanisa hilo, kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Umbo la kawaida lina pembe 25: 17 za kitako cha mraba na 8 za kitako cha pembetatu. Kwa maneno mengine, ni vipande vya aina mbili tu, vikirudiwa na kurudiwa. Kazi ya namna hii ndiyo mashine inaiweza kuliko mkasi, kwa sababu kipande kikipishana na mwenzake hata milimita mbili, nyota haifungi. Kukunja na kubandika pembe zote 25 ni jioni nzima, pengine mbili. Ndani iwekwe taa ya LED isiyochemka. Balbu ya moto na karatasi havikai nyumba moja.

Mti mdogo wa mezani ni rahisi kupita vyote. Vipande viwili vinavyofanana, kimoja kina mpasuko kutoka juu hadi katikati, kingine kutoka chini hadi katikati. Vinapachikana na kusimama bila gundi.

Mambo yanayoharibu karatasi

Pwani, adui wa kwanza ni unyevu. Karatasi iliyolala nje usiku mmoja wa mvua za vuli hulainika, na badala ya kukatika safi huacha manyoya pembeni. Dawa yake ni mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Hakuna zaidi.

Umbo likitoka halijakatika sehemu fulani, wengi hukaza mpini kwa nguvu hadi sahani zinapasuka. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuongeza karatasi moja au mbili nyembamba chini ya furushi ili mgandamizo ufike. Kuilaza kalibu mshazari kidogo husaidia pia, kwa sababu upande wote mrefu hauingii kwenye rola kwa mpigo. Kwa kalibu yenye nakshi nyingi, kipande cha karatasi ya kuokea kati yake na manila huzuia umbo lisinase. Sahani zenyewe zigeuzwe mara kwa mara, la sivyo hupinda kama ndizi.

Kwa mashine ya umeme, kosa la kawaida ni kubandua karatasi kutoka kwenye mkeka. Inajikunja na haitanyooka tena. Mkeka ndio unaokunjwa kurudi nyuma, karatasi ikibaki imelala mezani. Na maandishi ya kupigwa pasi kwenye fulana lazima yakatwe kinyume, yaani yasomeke kama kwenye kioo. Hili husahaulika kila mwaka.

Lipo jingine lisilohusu karatasi. Michoro mingi inayopakuliwa bure au kwa bei chee imeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, na katuni za filamu maarufu zina wenyewe. Anayeuza asome masharti ya mchoro, au achore wake. Ua la mkrismasi halina mwenyewe.

Asiye na uhakika na soko anaweza kuanza bila mashine kabisa. Mafundi wa stika na mabango wa Kariakoo au River Road wengi wanazo mashine za kompyuta za kukatia, zinazofanya kazi kwa kanuni ileile ya kisu na mchoro. Anayepeleka mchoro wake na karatasi zake aombe kwanza kipande kimoja cha majaribio, kwa kuwa si kila kisu kilichowekwa kwa stika kinakata manila, halafu akatiwe lebo 50 na kuziuza. Zikiisha kabla ya Desemba 10, bado upo muda wa kurudi kwa fundi. Baada ya hapo foleni huwa ya kampuni zinazotaka kalenda, na mwenye lebo 50 husubiri nje.