Fahamu: Ujifunzaji mseto na ari ya kujifunza Kiingereza

Ujifunzaji mseto ni utaratibu unaounganisha vipindi vya darasani na kazi za mtandaoni, kwa namna ambayo kila upande huukamilisha mwingine badala ya kuurudia. Nchini Tanzania, ambako mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, kinachofifisha ari mara nyingi si uvivu bali ni woga wa kuchekwa anapokosea mbele ya wenzake. Kwa upande wa mtandaoni, rekodi ya sauti yake, ambayo anaweza kuirudia faraghani hata mara tano kabla ya kumtumia mwalimu, humpunguzia woga huo, na muda wa darasani hubaki kwa mazungumzo. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba ari ya ndani hustawi pale mtu anapohisi kuwa ana hiari, ana uwezo na ana uhusiano na wengine. Hitaji hili la tatu, la uhusiano, skrini pekee hulitimiza kwa shida. Bando la intaneti nalo ni ghali kwa familia nyingi, hivyo masomo ya sauti yanayopakuliwa shuleni na kusikilizwa nyumbani bila intaneti hufaa kuliko video ndefu.