Usahaulifu wa Uzeeni na Tuhuma za Uchawi: Hali ya Vikongwe wa Buzwagi

Vijijini kandokando ya Buzwagi, Kahama, bibi anayetoka nje usiku asijue aendako yumo katika hatari mbili: maradhi humpoteza njia, nao majirani huweza kumwita mchawi. Mkoani Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma hiyo. Hata wekundu wa macho, ambao aghalabu ni matokeo ya moshi wa jikoni, umehesabiwa kuwa ushahidi.

Usahaulifu wa namna hiyo, yaani dimensia, hutokana na kuharibika kwa ubongo. Si uchawi, wala si uzee mtupu. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria wagonjwa 6 hivi katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Vijana wakiwa machimboni, mwangalizi wa bibi huwa mjukuu. Akiitwa kwa jina la marehemu nduguye bibi, asibishe. Aulize habari za ndugu huyo. Atumie sentensi fupi, tena kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha ya kwanza ya bibi, kwani lugha iliyopatikana ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea. Majirani nao waelezwe mapema kuwa bibi ni mgonjwa, ili wakimkuta njiani usiku wamrejeshe nyumbani.