JANGWA AU BAHARI? HESABU YA SAFARI YA SIKU NNE

Hakuna jambo linaloleta kelele katika Chama chetu cha Kiswahili kama kupanga safari. Mwaka huu tumegawanyika. Kuna wanaotaka jangwa la Chalbi kule kaunti ya Marsabit, na kuna wanaotaka pwani. Kisha kuna kundi la tatu, ati twende kote kuwili katika zile siku nne za likizo fupi ya muhula wa kwanza! Mimi kama katibu nilitumwa na mwalimu mlezi nifanye hesabu, nami naieleza hapa ili kila mmoja aione kabla ya kuomba mchango nyumbani. Wazazi wetu wengi ni watu wa kibarua na vibanda vya mboga. Pesa ya safari haiombwi mara mbili.

Kwanza, ramani hudanganya. Kwenye ile ya ukutani, Chalbi na Malindi zimeachana kwa shubiri moja tu. Lakini basi si ndege. Kutoka hapa Nairobi hadi mji wa Marsabit ni takriban kilomita 550, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama 480. Mwenye kutoka jangwani kwenda baharini hurudi Nairobi kwanza, kwa hivyo ni zaidi ya kilomita elfu moja. Tena basi la shule haliruhusiwi kusafiri usiku. Likikutwa na giza njiani, mnalala hapo hapo.

Sasa tuitazame Chalbi peke yake. Lami inakufikisha Marsabit, na siku ya kwanza imekwisha. Siku ya pili mnaliacha basi na kukodi magari ya juu yenye nguvu magurudumu yote manne, mnapita Maikona hadi Kalacha, zaidi ya kilomita mia moja za vumbi na mawe. Siku ya tatu kurudi Marsabit, ya nne Nairobi. Umeona? Siku nne nzima kwa jioni moja ya jangwa!

Na jangwa lenyewe si lile la mchanga mtupu tunaloliona kwenye picha. Chalbi ilikuwa ziwa zamani za kale. Maji yakakauka, chumvi ikabaki, ndiyo maana ardhi ni tambarare na nyeupe, na mchana mazigazi humfanya mtu aone maji yasiyokuwapo. Mvua ikinyesha, uwanja huo hugeuka tope na gari huzama, basi Aprili na Mei mtu asijaribu. Maji ya kunywa ni angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Sisi tuko thelathini na wawili, yaani lita 160 kila siku, na hapo bado hatujapika wala kunawa.

Mwenzetu mmoja mwenye jamaa huko Maikona alituambia neno nililolipenda sana. Alisema kule si mahali pa kuchungulia na kukimbia. Ni kwa watu, Wagabra na ngamia wao, na mgeni hukaribishwa chai ya maziwa. Chai hiyo hainywewi mtu akiwa amesimama.

Pwani hesabu ni nyingine. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hutoka Syokimau na kufika Mombasa kwa saa tano au sita hivi. Stesheni iko Miritini, nje ya mji, kwa hivyo gari la kutupeleka Malindi, kilomita 120 zaidi, liwe limekodiwa mapema. Jioni hiyo hiyo tuko Malindi, na siku mbili kamili zimebaki mkononi.

Siku moja ni ya magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na ambao UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, kisha Mambrui, penye vilima vya mchanga kando ya bahari. Wapenda jangwa watapata cha kukanyaga. Siku ya pili jioni, jua likipoa, ni korongo la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari. Husimuliwa kwamba hapo palikuwa na matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akawadidimiza. Ni pazuri, pekundu na peupe, lakini jamani, tusidanganyane kuwa ni jangwa. Mvua ndiyo iliyolichonga.

Bahari nayo ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, maji hupwa mbali na kujaa kwa nguvu. Katikati yake ni maji mafu. Mashua za kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Malindi huenda maji yakipwa, kwa hivyo tusipange saa kabla ya kuwauliza wavuvi. Wakati huo wa Februari ni kaskazi, na bahari aghalabu hutulia.

Basi, mimi nimependekeza Malindi kwa siku nne, na Chalbi ingoje likizo ya Agosti, siku saba, kwa watakaoweza. Upande wa Chalbi bado wamenuna. Kura ni Ijumaa baada ya masomo, na tiketi za treni huisha upesi wakati wa likizo. Mweka hazina anapokea mchango hata wa shilingi ishirini, mradi uandikwe daftarini mbele yako.