Kupanga uzazi si kazi ya dada peke yake

Wewe wa Kericho au Bomet unajua vizuri: mchuma chai hulipwa kwa kilo. Siku akishinda kwenye foleni ya zahanati, hana kilo hata moja. Sasa piga hesabu. Sindano ya kawaida ya kupanga uzazi hudungwa kila baada ya miezi mitatu, yaani safari nne kwa mwaka. Akikosa moja, anaweza kushika mimba ambayo hakuipanga.

Mbona asibadilishe mbinu? Zipo tembe, koili, na vijiti vya mkononi vya miaka mitatu au mitano. Lakini si kila mwili hukubaliana na kila mbinu. Mmoja hedhi inavurugika, mwingine kichwa kinamuuma kila siku, anaacha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwaka wa 2021 wanawake milioni 164 duniani walihitaji kupanga uzazi lakini hawakuwa na njia ya kufanya hivyo. Ndiyo maana watafiti bado wanatafuta mbinu mpya.

Moja tayari iko Kenya: DMPA-SC, sindano ndogo inayodungwa chini ya ngozi ya tumbo au paja. Dada akishafundishwa na mhudumu wa afya, anaweza kujidunga mwenyewe nyumbani na kuokoa siku yake ya kazi.

Na wanaume je? Ndugu yangu, kwa sasa una mawili tu: kondomu au kufungwa mirija. Lakini kuna jeli ambayo mwanamume hujipaka mabegani kila siku, na Nairobi ni kati ya sehemu ilikojaribiwa. Homoni moja huzuia utengenezaji wa mbegu. Nyingine, testosteroni, hulinda nguvu na hamu yake. Matokeo ya 2024 yalionyesha kuwa kati ya wanaume 222, asilimia 86 mbegu zao zilikuwa zimepungua vya kutosha kufikia wiki ya 15. Haijafika madukani, kwani majaribio makubwa zaidi bado yanahitajika.

Basi usikae ukingoja jeli. Uwe Litein, Kapsoit au Sotik, msindikize mwenzio kliniki, muulize maswali pamoja na mchague pamoja. Na kondomu msiiache: ndiyo pekee inayokinga mimba na magonjwa ya zinaa kwa wakati mmoja.