Moyo Uendao Mbio Mtu Asimamapo

Mnamo Julai 1952 homa ngeni ilizuka katika Uwanda wa Juu wa Makonde. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya viungo, hata wakashindwa kunyooka. Dakta Marion Robinson, aliyekuwa akitibu katika hospitali ya misheni ya Lulindi, aliueleza ugonjwa huo katika makala iliyochapishwa mwaka 1955. Jina walilolitumia wenyeji, chikungunya, yaani kinachokunja, likaenea duniani kote. Wenyeji waliutambua ugonjwa kwa kuutazama mwili ulivyosimama. Yako maradhi mengine ambayo hayana budi kutazamwa vivyo hivyo, kwa kuwa mgonjwa akilala hayaonekani.

Maradhi yenyewe

Mtu mwenye maradhi haya akisimama, moyo huanza kwenda mbio. Huona kizunguzungu, hutetemeka, macho huingia giza na fikra huzubaa. Akilala, hupata nafuu. Aghalabu huwapata wasichana na wanawake vijana, na mara nyingine huanza baada ya ugonjwa wa virusi, kama ilivyoonekana kwa wengi baada ya Korona kuzuka. Maadamu kitandani mapigo yake ni ya kawaida, mgonjwa huambiwa kuwa ni mvivu, au ana hofu, au amepandwa na pepo.

Kinachotukia mwilini

Kila mtu asimamapo, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka tumboni na miguuni. Vipokezi vilivyomo katika mishipa ya shingo na karibu na moyo hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo nao huamuru mishipa ijibane na moyo uongeze mwendo kidogo. Kwa mtu mzima wa afya, ongezeko huwa mapigo 10 hadi 20 kwa dakika. Kwa mgonjwa, huenda mishipa haijibani vya kutosha, au maji ya damu ni machache, au amri za neva zimezidi. Moyo hukimbia ili kufidia upungufu huo.

Mwaka 1871 Dakta J. M. Da Costa wa Marekani alieleza hali inayofanana na hii kwa askari. Lakini kipimo kinachotumika leo kilipendekezwa mwaka 1993 na madaktari Schondorf na Low.

Kipimo

Saa yenye mshale wa sekunde yatosha kwa kuanzia. Mtu hulala dakika 5, kisha mapigo ya kifundo cha mkono huhesabiwa kwa dakika nzima. Halafu husimama bila kutembea, na mapigo huhesabiwa tena hadi dakika ya 10. Mwenzake awe karibu. Akiona kizunguzungu alale mara moja. Ongezeko la mapigo 30 au zaidi linaloendelea, au 40 kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 19, ni dalili ya maradhi haya, iwapo shinikizo la damu halishuki na taabu imedumu miezi 3 au zaidi.

Hesabu hiyo si hukumu. Upungufu wa damu, malaria, safura, kuharisha, ujauzito na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huukimbiza moyo. Kwa hiyo mwalimu aipeleke hesabu kwa tabibu, asitoe jina la ugonjwa yeye mwenyewe.

Kuishi nayo

Dawa ya kwanza ni maji, lita 2 hadi 3 kwa siku. Chumvi huongezwa kwa ushauri wa daktari tu. Soksi ndefu za kubana, kuinuka polepole, na mazoezi yanayoanza kwa kulala au kuketi husaidia. Wengine huhitaji dawa za kupunguza kasi ya moyo.

Uwandani Makonde maji yalikuwa ya shida, yakahifadhiwa nyumbani; na katika vyombo hivyo ndimo walimozaliana mbu walioeneza chikungunya. Mtungi na ufunikwe basi, lakini usikose maji. Na mwanafunzi aangukaye mstarini asubuhi aruhusiwe kuketi na kunywa, kisha apimwe akiwa amelala na akiwa amesimama.