Mbaazi Zimerudi Chunguni



Baridi ya mwezi wa Julai inatubana, lakini kuni zipo na chai ipo. Safari hii sina habari ya mkutano wala ya mgeni mkubwa. Nina habari za nyumbani kwangu tu. Tumeanza mambo machache mapya, nayo yanatufurahisha. Nimeona nikusimulie. Huenda nawe ukacheka kidogo.

Jambo la kwanza ni mbaazi.

Babati ni nchi ya mbaazi. Huku tunapanda mahindi na mbaazi katika shamba moja, kwa mvua ile ile. Mahindi hukua haraka, mbaazi hujikalia chini polepole. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani peke yake. Mizizi yake huenda chini sana, hufuata maji ambayo mahindi hayakuyafikia. Ndiyo maana mbaazi hukomaa wakati mvua imekwisha na nchi ni kavu. Majani yake yakianguka huwa mbolea. Miti yake mikavu ni kuni nzuri za kuchemshia maji. Sijui zao jingine linalomhudumia mkulima namna hiyo bila kudai lolote.

Lakini kwa miaka mingi, kwa watu wengi wa hapa, mbaazi ilikuwa fedha. Chakula kilikuwa kitu kingine. Zikivunwa zilipigwa, zikapepetwa, zikatiwa magunia, zikapanda lori. Mwisho wa safari yake ilikuwa India. Huko watu wengi hula mbaazi zilizokobolewa karibu kila siku. Basi mkulima wa Babati aliuza mbaazi zake, kisha akachukua fedha hiyo hiyo akaenda sokoni kununua maharage. Jambo hili lifikiri kidogo, ndugu msomaji.

Mwezi wa Agosti mwaka 2017 mambo yalibadilika. Wakulima wa India wenyewe walikuwa wamevuna sana. Serikali yao ikaweka kikomo: mbaazi kutoka nchi za nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Huku kwetu bei ikaanguka vibaya. Magunia yakakaa ndani. Mtu aliyetegemea kulipa karo kwa mbaazi aliyatazama magunia yake, nayo yakamtazama. Mwaka 2021 India iliondoa kikomo hicho, na wanunuzi wakarudi. Ila katika nyumba yangu chungu kilikuwa kimeshazoea.

Aliyetufundisha ni bibi mmoja jirani yetu. Ametoka Tanga, aliolewa huku. Siku moja alimsikia mke wangu akisema kwamba leo hakuna mboga. Bibi akachungulia ndani, akaona magunia. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," akasema, "unalala juu ya kitoweo halafu unasema huna mboga? Niletee chungu."

Upishi wake ni huu. Chagua mbaazi, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu. Zioshe, uziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Tia maji mengine, uchemshe mpaka ziwe laini kabisa. Ukiminya punje moja kwa vidole, ipondeke bila ubishi. Hapo ndipo utie chumvi. Kaanga kitunguu na nyanya, changanya. Mwisho tia tui la nazi, uache lichemke taratibu.

Utasema: nazi Babati? Ni kweli, minazi haioti kwetu. Nazi huja kwa gari kutoka pwani, tena si rahisi. Bibi mwenyewe anasema tui si amri. Tia maziwa, au karanga zilizotwangwa. Sisi tumejaribu vyote viwili. Mke wangu anapenda karanga. Mimi napenda maziwa. Jambo hili halijaamuliwa hata leo.

Watoto walikataa siku ya kwanza. Mmoja aliuliza, "Baba, hizi si za kuuza?" Siku ya pili walikula kwa kuwa hakukuwa na kingine. Siku ya tatu, Jumapili asubuhi, bibi aliwapikia mandazi ya kulia mbaazi, kama wanavyofanya watu wa pwani. Tangu hapo sijasikia malalamiko. Sasa hata makande tunapika kwa mahindi na mbaazi. Na zile mbichi, zikiwa bado za kijani shambani, watoto huzitafuna wakitoka shule. Mbaazi za njiani zimepungua kwa ajili yao.

Wazee wenzangu watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975, "Chakula ni Uhai". Tulikaa katika vikundi, tukasikiliza, tukajadiliana chakula cha kujenga mwili. Katika kilo moja ya mbaazi kavu, gramu 200 hivi ni chakula cha namna hiyo. Mtoto anayekula ugali na mbaazi hakosi vya kujengea misuli. Nyama ni nzuri, sikatai. Lakini nyama haikai guniani.

Jambo la pili ni daftari. Nimenunua daftari dogo la shule, nimelifunga kalamu kwa uzi ili watoto wasiichukue. Kila jioni naandika mistari miwili au mitatu. Naandika tumekula nini, tumetumia nini, na jambo gani limenifurahisha. Hilo la mwisho mke wangu analicheka. Lakini la katikati limetusaidia. Tuko watu sita. Tunapika mbaazi mara mbili kwa juma, robo tatu ya kilo kila mara. Hiyo ni kilo moja na nusu kwa juma. Mwaka una majuma 52. Nikazidisha, nikapata kilo 78. Basi kila mavuno naweka gunia moja la kilo 100. Zinabaki kilo 22 za mbegu na za wageni. Mengine yote yanauzwa bila ugomvi. Zamani ugomvi ulikuwapo: huyu anasema uza yote, huyu anasema bakiza. Sasa tunafungua daftari.

Gunia la chakula nalo lina adui wake, yaani wadudu. Tunazikausha mbaazi vizuri juani, kisha tunazitia katika mifuko ile isiyopitisha hewa, tunaifunga sana. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa. Hatutii dawa. Usiufungue mfuko kila siku kuchungulia, maana hewa itaingia na wadudu watakushukuru.

Jambo la tatu ni matembezi. Mganga wa zahanati alinipima damu, akasema presha imepanda kidogo. Akaniambia nipunguze chumvi na nitembee kila siku. Basi asubuhi natembea kwenda upande wa Ziwa Babati, pamoja na mjukuu wangu siku zisizo za shule. Ziwa liko hapo hapo kando ya mji. Mitumbwi ya wavuvi inarudi na perege na kambare. Mlima Kwaraa uko nyuma yetu, mara nyingi umevaa wingu. Ni raha isiyolipiwa ushuru.

Lakini ziwa lina wenyewe. Viboko hutoka majini usiku kula majani nchi kavu. Hurudi alfajiri. Kiboko ana uzito wa zaidi ya tani moja, na anakimbia kuliko mimi na wewe. Ukisimama kati yake na maji, hakuulizi habari za presha. Kwa hiyo mimi siondoki nyumbani mpaka jua limepanda vizuri, na sipiti kwenye matete. Wanaolima mpaka ukingoni mwa maji ndio wanaokutana naye zaidi. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60. Na ziwa lenyewe huwa linakumbuka mahali pake. Waulize waliokuwapo mafuriko ya mwaka 1990.

Sisi tunasimama mbali, mahali pa juu, tunahesabu vichwa. Jumamosi iliyopita nilihesabu viboko saba. Mjukuu wangu anasema walikuwa wanane. Kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake, daftari linasema wanane.