Jua Linavyosikika Nyuma ya Ukungu wa Ngorongoro

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi nyingi ukungu hufunika ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na magari ya watalii yanayopanda kutoka Karatu huwasha taa. Saa hizo darubini ya kawaida haifai kitu. Antena ya redio ingeendelea na kazi, maana mawimbi yake hupenya mawingu. Zaidi ya hapo, hutufikisha kwenye korona.

Korona ni tabaka la nje la Jua: gesi nyembamba yenye joto linalozidi nyuzi milioni 1, ilhali uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi. Mng'ao wa uso huo huificha machoni petu, isipokuwa Jua linapopatwa kikamilifu. Hata waliofurika Rujewa, Mbeya, kutazama Jua likipatwa tarehe 1 Septemba 2016 hawakuiona, kwa kuwa Mwezi uliacha pete ya mwanga.

Redio haisubiri kupatwa. Februari 1942, rada za Uingereza zilijaa kelele zilizodhaniwa kuwa hila za Wajerumani. Mwanafizikia James Hey alipozichunguza alibaini kuwa zilitoka kwenye Jua, ambalo siku hizo lilikuwa na doa kubwa.

Kelele za Jua hubeba vipimo vya sumaku yake. Elektroni huzunguka mistari ya sumaku, na sumaku ikiwa kali zaidi, nazo huzunguka upesi zaidi: mizunguko milioni 2.8 kwa sekunde kwa kila gausi 1 (kipimo cha ukali wa sumaku). Juu ya madoa ya Jua hutoa mawimbi hasa kwenye mara mbili au mara tatu ya masafa hayo. Hivyo wimbi la megahezi 8,400, likiwa la mara tatu, laweza kuashiria korona yenye gausi 1,000. Sumaku ya Dunia haifiki hata gausi 1.

Tunahitaji vipimo hivi kwa sababu milipuko ya Jua huchota nguvu zake kwenye sumaku hiyo. Mikubwa hukata mawasiliano ya mawimbi mafupi upande wenye mchana na huweza kupotosha GPS.

Vipokezi vidogo vya mtandao wa kimataifa wa e-Callisto, vya megahezi 45 hadi 870, havipimi sumaku ya madoa, lakini hunasa milipuko yenyewe. Rwanda na Mauritius tayari zimeshiriki. Kinachohitajika ni kipokezi, antena, kompyuta, na mahali palipo mbali na minara ya FM. Walimu wa fizikia wa Karatu, mahali mnapo, anzeni.